Kabla ya Kupangisha Tovuti ya Taasisi, Uliza Nani Ataamka Usiku

Mwaka 2025 Homa Bay ilipokea wageni wa taifa mara mbili. Tarehe 1 Juni sherehe za Madaraka zilifanyika mjini humo, na katikati ya Agosti Kongamano la Ugatuzi likafuata. Maandalizi ya siku kama hizo huonekana kwa macho: barabara, rangi mpya, hoteli zilizojaa. Lakini mgeni, kabla hajapanda gari, tayari amefungua simu kutafuta ratiba na mahali pa kulala. Na mkazi wa Kisegi, huku kwenye ukanda wa ziwa, hangoji sherehe. Anatafuta fomu ya basari ya mtoto kabla ya tarehe ya mwisho, tangazo la kazi ya uuguzi, au waraka wa zabuni ya kujenga choo cha shule. Tovuti ikikwama siku hiyo, kinachobaki ni nauli ya kwenda makao makuu ya kaunti na siku nzima ya kazi kupotea. Ndiyo maana nalichukulia suala hili kwa uzito kuliko linavyochukuliwa kwenye vikao vya bajeti, ambako tovuti hujadiliwa dakika za mwisho, kila mtu akiangalia saa.

Nawaandikia wanaosimamia tovuti za taasisi zenye watu wengi na idara nyingi: maafisa wa teknohama wa kaunti za Homa Bay na Migori, vyuo vikuu kama Tom Mboya na Rongo, sacco zenye matawi, hospitali za misheni, mashirika ya afya yanayofanya kazi visiwani. Kikundi cha wavuvi cha ufuo mmoja au shule yenye kurasa tano hakihitaji haya yote. Kampuni ya humu nchini inayopangisha kwa bei nafuu inawatosha, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Mpango wa kawaida wa kupangisha tovuti hukupa nafasi kwenye seva, kisha kila kitu kinabaki juu yako. Mpango wa kusimamiwa ni kama kukodi mashua pamoja na nahodha wake: mwenye chombo anabeba jukumu la injini, mafuta na hali ya hewa, nawe unashughulika na mizigo yako. Bei yake ni kubwa zaidi, wakati mwingine mara nyingi zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote lisihusu ukubwa wa diski wala wingi wa kumbukumbu. Liwe hili: tovuti yetu ikianguka saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, nani ataamka, na atafanya nini bila kuningoja mimi?

Dai jibu la maandishi, lililogawanya kazi kipengele kwa kipengele. Kampuni nyingi za aina hii hutunza mfumo endeshi, lugha ya programu, hifadhidata na mtandao. Kazi ya kusasisha mfumo wa kurasa wenyewe, kama WordPress au Drupal, baadhi huifanya na baadhi hukuachia. Programu-jalizi, yaani vile vipande vidogo vya kuongeza fomu, kalenda au picha, kwa kawaida ni mzigo wako, na ni kupitia humo wavamizi wengi huingia. Nimeona taasisi zikilipia huduma ya kusimamiwa zikiamini kila kitu kimesimamiwa, kumbe jalizi la fomu za maombi halijaguswa tangu siku fundi alipoliweka.

Kenya imeonja gharama ya uzembe huu mapema. Januari 2012 mdukuzi mmoja kutoka Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali yetu katika usiku mmoja. Tovuti nyingi zikilala mahali pamoja, au zikitumia programu ileile iliyochakaa, aliyepata mlango mmoja amezipata zote. Leo hatari hiyo imebadilika sura tu. Joomla toleo la 3, lililopendwa sana na ofisi za umma, liliachwa bila marekebisho ya usalama Agosti 2023. Drupal 7 ilifuata tarehe 5 Januari 2025. Ikiwa tovuti yenu bado iko kwenye mojawapo, kuihamishia kwenye seva ya gharama kubwa hakutaitibu. Wekeni bajeti ya kuijenga upya kwanza, ndipo mzungumze na muuzaji, naye mwulizeni atawapa notisi ya muda gani kabla ya kuzima toleo la zamani la lugha ya programu.

Kabla ya mazungumzo yoyote na kampuni, kuna kazi moja ya nyumbani ambayo ningependa kila msomaji aifanye wiki hii. Jueni jina la kikoa chenu limeandikishwa kwa nani. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC kupitia wakala walioidhinishwa; .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ya vyuo, .sc.ke ya shule, na .co.ke au .or.ke ni wazi kwa kampuni na mashirika. Mara nyingi utakuta jina la taasisi limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyetengeneza tovuti miaka sita iliyopita, ambaye sasa yuko Nairobi au Doha na hapokei simu. Huenda hana nia mbaya kabisa. Ila arifa ya kulipia upya inamfikia yeye, na siku jina likiisha muda, tovuti na barua pepe za ofisi nzima zinazimika pamoja, hata kama mnalipia jukwaa bora kuliko yote duniani. Sajilini jina kwa anwani ya ofisi isiyomfuata mtu, mfano ile ya idara, na watu wawili angalau wawe na uwezo wa kuingia. Msikubali kampuni ya kupangisha ishike jina kwa niaba yenu eti kwa urahisi.

Barua pepe nayo inahitaji tahadhari ya pekee. Majukwaa mengi ya kusimamiwa, yakiwemo Pantheon, Kinsta na WP Engine, hayatoi masanduku ya barua. Yanapangisha tovuti tu. Wale mliozoea kampuni ya humu nchini iliyowapa tovuti na barua pepe kwa bei moja, mkihama bila kupanga mtashangaa Jumatatu asubuhi hakuna barua iliyoingia. Rekodi za barua zinakaa kwenye mipangilio ya jina la kikoa, na fundi akinakili rekodi ya tovuti peke yake, zile nyingine hupotea. Amueni kwanza barua zitakaa wapi, zihamisheni, zitulie, ndipo mguse tovuti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa taasisi kubwa ndilo lenye faida zaidi, ingawa huzungumzwa kidogo: kazi ya pamoja. Tovuti ya kaunti haina mhariri mmoja. Idara ya afya inaweka ratiba za chanjo, ununuzi inaweka zabuni, karani wa bunge la kaunti anaweka miswada, uvuvi na uchumi wa buluu wanaweka taarifa zao. Wote wakitumia nywila moja iliyoandikwa kwenye karatasi, huwezi kujua nani alifuta nini. Jukwaa zuri hukupa akaunti ya kila mtu, ngazi za ruhusa, kumbukumbu za kila tendo, na uthibitisho wa hatua mbili unaolazimishwa kwa wote. Pantheon, kwa mfano, imejengwa juu ya mazingira matatu: moja la kutengenezea, moja la kujaribia, na moja ambalo wananchi wanaliona. Msimbo hupanda kutoka la kwanza hadi la tatu, na maudhui halisi hushushwa kutoka la tatu ili majaribio yafanyike kwa data inayofanana na ukweli. Faida yake ni kwamba fundi akikosea alasiri ya Ijumaa, anakosea mahali ambapo mwananchi haoni. Wengine wana mfumo unaokaribiana na huo kwa majina tofauti. Mwambieni muuzaji awaonyeshe mubashara, mbele ya wahariri wenu, akirudisha tovuti kwenye hali ya jana. Akianza kutoa visingizio, mmeshapata jibu.

Vilevile ulizeni inachukua dakika ngapi kumwondoa mtu. Ofisi zetu hubadilika: mkataba wa mwanagenzi unaisha, afisa anahamishwa, uchaguzi unaleta uongozi mpya. Akaunti ya mtu aliyeondoka na ambayo bado inafanya kazi ni tatizo linalosubiri siku yake.

Kuhusu mahali seva ilipo, watu hubishana kwa hisia kuliko kwa vipimo. Wapo wanaosema lazima iwe Kenya, wapo wanaosema cha nje ndicho imara. Ukweli una pande kadhaa. Kenya ina kituo chake cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, KIXP, kilichoanza mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa muda, kikafunguliwa tena 2002, na kwa sababu yake data ya kutoka seva ya Nairobi hadi simu ya Nairobi haina haja ya kuzunguka Ulaya. Nairobi na Mombasa zina vituo vya kisasa vya data, na kampuni za kusambaza nakala za kurasa kama Cloudflare zina mashine katika miji yote miwili. Hiyo ina maana kwamba hata tovuti iliyopangishwa Ulaya au Johannesburg inaweza kumfikia mtu wa Sindo kwa haraka, mradi picha na kurasa zake zimehifadhiwa kwenye mashine za karibu. Kile kisichohifadhika karibu, kama vile kuingia kwenye akaunti, kutuma fomu au kutafuta salio, lazima kisafiri hadi seva yenyewe.

Na njia hiyo ya mbali hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Tovuti yenye wateja wengi wa humu nchini na fomu nyingi za kujaza ingefaa kuwa na seva yake karibu iwezekanavyo. Tovuti ya shirika lenye wafadhili Marekani na kurasa za kusomwa tu haina sababu ya kujibana. Ila vyovyote mtakavyoamua, pimeni kutoka mahali wasomaji walipo. Muuzaji atawaonyesha vipimo vilivyofanywa kwa kompyuta yenye intaneti ya nyaya ofisini. Nanyi chukueni simu ya kawaida ya Android, nunueni bando la kawaida, mkafungue tovuti ya majaribio mkiwa Kisegi, Mbita, Karungu na Muhuru, jioni watu wakiwa mtandaoni. Ukurasa unaofunguka Nairobi kwa sekunde mbili na huku kwa sekunde kumi na mbili haujafaulu. Wakati mwingine lawama si ya seva: fomu ya basari iliyopigwa skani na kuwa na uzito wa megabaiti 20 itamwishia mzazi bando popote ilipohifadhiwa, na hakuna jukwaa litakalomwokoa.

Wapo pia wanaotaka seva ikae kwenye chumba cha nyuma cha ofisi yao, wakiona ndiyo njia ya kuwa na mamlaka kamili. Nawasihi waachane na wazo hilo kwa tovuti ya umma. Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, ukapotea tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Jenereta, mafuta, kiyoyozi, betri na fundi wa zamu ni gharama ambazo kituo cha data huzigawa kwa wateja wengi, nanyi mtazibeba peke yenu.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahesabu ninyi kuwa mdhibiti wa data na kampuni ya kupangisha kuwa mchakataji, na inataka kuwe na mkataba wa maandishi kati yenu. Data ya watu ikivuja, mnapaswa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72, na mchakataji anapaswa kuwajulisha ninyi ndani ya saa 48 inapowezekana. Andikeni saa hizo 48, au chini yake, kwenye mkataba, maana kampuni ya kigeni yenye wateja maelfu haitakumbuka sheria ya Kenya kwa hiari yake. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Zaidi ya hayo, kanuni za mwaka 2021 zinataja shughuli ambazo data yake inaweza kutakiwa kuchakatwa humu nchini, au nakala yake moja ihifadhiwe humu: usajili wa raia, uchaguzi, mifumo ya fedha za umma, elimu ya msingi, huduma za afya. Tovuti ya matangazo ya hospitali haina shida. Tovuti hiyo hiyo ikianza kupokea majina na magonjwa ya wagonjwa kupitia fomu, imeingia eneo lingine kabisa, na mwanasheria wenu awe mezani kabla ya sahihi.

Muuzaji atawaahidi upatikanaji wa asilimia fulani. Zigeuzeni asilimia kuwa saa. Asilimia 99.5 inaruhusu tovuti kulala karibu saa 44 kwa mwaka bila mkataba kuvunjwa. Asilimia 99.9 ni saa tisa kasoro, na 99.99 ni kama dakika 53. Kisha someni maandishi madogo: fidia huwa ni punguzo la ada ya mwezi, nayo haiwezi kufidia siku ya mwisho ya maombi ya basari. Kwa hiyo mimi naupa uzito mkubwa zaidi muda wa kujibu wito wa dharura, na kama anayejibu ana uwezo wa kurekebisha au anapokea malalamiko tu. Fikirieni pia majira. Saa tatu asubuhi kwetu ni saa nane usiku New York wakati wa kiangazi chao, saa saba wakati wa baridi. Kampuni yenye mafundi wa mchana wa Marekani pekee italala wakati ofisi zenu zinafunguliwa. Pigeni wito wa majaribio kabla ya kununua, mkiwa na swali gumu la kiufundi, muone nani anajibu na baada ya muda gani.

Ulizeni pia kuhusu mashambulizi ya kuimwagia tovuti maombi bandia hadi izidiwe. Julai 2023 eCitizen, inayobeba maelfu ya huduma za serikali, ilitikiswa hivyo, na wananchi wakashindwa kupata huduma walizohitaji siku hiyo. Jukwaa linapaswa kuyachuja mafuriko hayo kabla hayajafika kwenu, na mkataba useme wazi kwamba hayatahesabiwa kwenye bili. Hapa ndipo bei inapoficha meno yake. Majukwaa mengi hutoza kwa idadi ya wanaotembelea, na roboti zinazokusanya kurasa kwa ajili ya injini za utafutaji na akili unde nazo hutembelea. Ulizeni zinahesabiwa vipi, na mkizidisha kiwango mwezi mmoja wa pilkapilka kama ule wa Juni 2025, je, mtazimwa, mtatozwa zaidi, au mtapewa nafuu? Ada nyingi ziko kwa dola. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Bajeti ya kaunti iliyopitishwa kwa shilingi haiwezi kuyumba hivyo, kwa hiyo tafuteni bei ya shilingi kwa mwaka mzima kupitia wakala wa humu nchini, au wekeni akiba ya tofauti ya fedha. Ongezeni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 tangu mwanzo ili mhasibu asije akaikuta mwishoni.

Kwa sacco na kaunti zinazopokea malipo, kuna jambo dogo lenye madhara makubwa. Mtu akilipa kwa M-Pesa kupitia tovuti, mfumo wa Safaricom hutuma uthibitisho kwenye anwani ya tovuti yenu. Jukwaa likiuzuia uthibitisho huo kwa kudhani ni roboti, mteja amelipa nanyi hamna habari. Vilevile baadhi ya benki hutaka mifumo yenu iwasiliane nazo kutoka anwani moja ya mtandao isiyobadilika, na majukwaa kadhaa ya kusimamiwa hayatoi anwani ya namna hiyo bila malipo ya ziada. Jaribuni malipo halisi ya shilingi kumi, mara nyingi, kabla ya kutangaza kitu kwa wanachama.

Nakala za akiba kila muuzaji husema anazo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la data la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa zimehifadhiwa eneo lile lile lililoungua. Ombeni nakala zikae mji mwingine, na mbali na hizo, ninyi wenyewe chukueni nakala kamili kila wiki mkaiweke mahali pasipohusiana na kampuni hiyo hata kidogo. Kisha irejesheni kwenye mazingira ya majaribio mara moja kila robo mwaka, fomu, picha na yote, mkiangalia saa.

Nakala hiyo ndiyo pia njia yenu ya kutokea. Septemba 2024 mgogoro kati ya mkuu wa kampuni ya Automattic, anayesimamia pia WordPress.org, na kampuni ya WP Engine ulifika mahali ambapo wateja wa WP Engine walizuiwa kwa muda kupata masasisho kutoka WordPress.org, ingawa wao hawakuwa na ugomvi na mtu. Mahakama iliamuru mlango ufunguliwe Desemba mwaka huo. Kampuni kubwa zinaweza kugombana, kuuzwa au kupandisha bei, na mteja akajikuta katikati. Mkataba useme data ni yenu, itatolewa kwa muundo wa kawaida unaofunguka kokote, na mtapewa siku 60 au 90 za kuhama hata mkitofautiana juu ya malipo. Vipengele maalumu vya jukwaa moja vitumieni kwa kiasi, kwa kuwa kila kimoja kinafanya kuhama kuwe kugumu zaidi.

La mwisho ni tarehe. Msihame Juni, wakati mwaka wa fedha unafungwa na kila idara inakimbizana na zabuni na malipo. Msihame vilevile miezi ya karibu na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, kwa sababu watakaotia sahihi huenda si watakaolipa. Septemba hadi Novemba 2026 ni kipindi kizuri kwa kaunti. Kwa chuo, wiki ambazo usajili wa wanafunzi umekwisha. Siku mbili kabla, punguzeni muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi za kikoa hadi dakika tano, ili mabadiliko yaenee upesi na yarudishike upesi. Hamisheni asubuhi ya Jumanne au Jumatano, mafundi wote wakiwepo, na mmoja wao awe Kisegi na simu mkononi akifungua ukurasa baada ya ukurasa. Seva ya zamani iacheni hai mwezi mzima. Gharama yake kwa mwezi huo ni ndogo, na fomu iliyosahaulika huko nyuma mtaikuta bado ipo.